Televisheni ya Hewani ya Kizazi Kipya: Maana Yake na Maandalizi ya Vifaa vya Nyumbani

Televisheni ya hewani ni ile inayonaswa kwa antena kutoka kwenye mnara wa nchi kavu, bila dishi la setilaiti, bila kebo ya kulipia na bila bando za intaneti. Inaposemwa kwamba televisheni hiyo inaingia kizazi kipya, maana yake ni kwamba kanuni za kiufundi zinazotumika kurusha picha na sauti zimebadilishwa, na kipokezi kilichoundwa kwa kanuni za zamani hakiwezi kuzisoma zile mpya. Antena huendelea kunasa mawimbi kama kawaida, ila kifaa kilicho upande wa pili wa waya hakijui la kufanya nayo.

Kanuni hizo ziko katika tabaka mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowapotosha wanunuzi wengi. Tabaka la kwanza ni namna data inavyopakiwa kwenye mawimbi, na hapa ndipo majina kama DVB-T na DVB-T2, mifumo yenye asili ya Ulaya, na ATSC 3.0, wenye asili ya Marekani, yanapohusika. Tabaka la pili ni namna picha yenyewe inavyofinyazwa kabla ya kupakiwa, yaani MPEG-2, kisha MPEG-4, na sasa HEVC, ambayo pia huitwa H.265. Tabaka la kwanza ni lori, la pili ni ufundi wa kupanga magunia ndani yake. HEVC huhitaji takriban nusu ya nafasi ambayo MPEG-4 huhitaji kwa picha ya ubora uleule, na ndiyo sababu imewezekana kufikiria kurusha picha za 4K, zenye nukta 3840 kwa 2160, katika masafa yaleyale yaliyokuwa yakibeba picha za kawaida.

Kenya imekwisha kuyaonja mabadiliko ya namna hii. Matangazo ya kidijitali yalipozinduliwa Desemba 2009 yalitumia DVB-T, kisha nchi ikahamia DVB-T2, na wale waliowahi kununua ving'amuzi vya mwanzo wakajikuta na vifaa visivyoweza kupokea mfumo mpya. Mitambo ya analogi ilizimwa mwaka 2015, mwaka ambao Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilikuwa limeweka Juni 17 kuwa mwisho wa ulinzi wa analogi katika Afrika na Ulaya. Tangu hapo king'amuzi cha DVB-T2 chenye MPEG-4 ndicho kinachohitajika nyumbani, iwe ni Kondele, Kakamega au Kaptembwo.

Kwingineko hatua inayofuata imeanza. Korea Kusini ilianza kurusha picha za 4K hewani kwa mfumo wa ATSC 3.0 mwaka 2017, na mwishoni mwa mwaka huohuo mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikaviruhusu vituo vyake kuutumia kwa hiari, kwa sharti kwamba viendelee pia kurusha kwa mfumo wa zamani. Ujerumani nayo, mwaka huohuo, ilichagua njia iliyo karibu zaidi na yetu: ilibaki na familia ya DVB, ikachukua DVB-T2 na kuiunganisha na HEVC. Mfano wa Ujerumani una funzo kwa mnunuzi wa Kisumu, kwa sababu unaonyesha kwamba maandishi ya DVB-T2 kwenye kasha hayatoshi. King'amuzi cha DVB-T2 kisichofahamu HEVC kingenasa mawimbi ya Ujerumani vizuri kabisa na bado skrini ingebaki nyeusi, pengine kukiwa na sauti tu.

Kwa hiyo ni kitu gani nyumbani kinachozeeka, na ni kipi kisichozeeka? Antena haizeeki kwa sababu ya mfumo. Ni vipande vya metali vilivyokatwa kwa urefu unaolingana na mawimbi, na mawimbi hayo hayabadiliki umbo kwa sababu yamebeba 4K. Televisheni ya kidijitali hapa nchini hutumia masafa ya UHF kuanzia MHz 470 hadi 694, ambako nusu ya urefu wa wimbi ni kati ya sentimita 32 na 22 hivi. Ndiyo maana vijiti vya antena ya UHF ni vifupi, na antena kubwa za VHF, yaani za masafa ya chini zaidi yenye mawimbi marefu, zilizobaki juu ya mapaa tangu enzi za analogi hazifai kazi hii. Antena inayouzwa kwa jina la "antena ya dijitali", tena kwa bei iliyopandishwa, ni antena ya UHF ya kawaida iliyopewa kasha la kupendeza.

Fedha za maandalizi, kwa maoni yangu, zianze juu ya paa. Nyumba iliyo kwenye uwanda wa Kano inaweza kuuona mnara bila kizuizi, lakini iliyojificha chini ya vilima vya Riat, au kwenye kingo za Menengai upande usioelekea mnara, itahitaji mlingoti mrefu zaidi. Tazama antena za majirani wanaopata picha safi: zimeelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama? Vijiti vyako vikisimama ilhali mawimbi yanarushwa yakiwa yamelala, sehemu kubwa ya nguvu hupotea. Kisha fungua menyu ya king'amuzi penye vipimo viwili, nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi, mtu mmoja akiwa juu anaizungusha antena polepole na mwingine akiwa chini anasoma namba. Kinachofuatwa ni ubora. Nguvu inaweza kuwa 90 huku ubora ukiyumba, na picha ikakatika vipande vipande, kwa kuwa dijitali haina chenga za hatua kwa hatua kama analogi: picha huwa kamili hadi kikomo fulani, kisha hutoweka.

Hapo ndipo wengi hukimbilia busta. Busta hukuza kila kinachoingia, pamoja na kelele, na nyingi za zamani hukuza hadi MHz 862, masafa ambayo sehemu yake ya juu sasa ni ya simu. Mnara wa 4G ukiwa karibu, busta ya aina hiyo hukizidishia kipokezi mzigo na kuharibu kile kilichokuwa kikipatikana bila msaada. Waya mzuri wa RG6 wa omu 75, wenye viungio vilivyokazwa na kufunikwa dhidi ya mvua, mara nyingi huondoa haja ya busta.

Kwa anayenunua televisheni leo, la kutafuta katika karatasi ya maelezo ni DVB-T2 pamoja na HEVC, vyote viwili kwenye sehemu ya kipokezi cha ndani. Inafaa kusisitiza hilo, kwa sababu televisheni nyingi hucheza HEVC kupitia USB tu. Mwenye televisheni ya zamani hana sababu ya kuitupa: king'amuzi cha nje kitampa mfumo mpya kupitia HDMI, ingawa 4K iliyolindwa dhidi ya kunakiliwa itahitaji tundu la HDMI 2.0 lenye ulinzi wa HDCP 2.2. Televisheni ya kisogo yenye matundu mekundu, meupe na manjano nayo itaendelea kuonyesha, mradi king'amuzi kipya kiwe na matundu hayo, jambo linalozidi kuwa adimu.

Televisheni iliyotumwa na ndugu aliye Marekani ni suala jingine. Hata ikiwa na ATSC 3.0, kipokezi chake kimeundwa kwa chaneli za MHz 6 na mfumo usiorushwa hapa, ambako chaneli ni za MHz 8. Itumie kama skrini, uiunganishe na king'amuzi cha Kenya, na kabla ya kuichomeka usome nyuma yake kama inakubali volti 240, kwani nyingine huandikwa 120 pekee.

Ukanda wa Ziwa Viktoria, hadi Kisii na Kakamega, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana. Mlingoti mrefu uunganishwe na ardhi kwa waya mnene wa shaba, na wingu linapoanza kuwa jeusi, kabla ya ngurumo kukaribia, waya wa antena uchomolewe kwenye king'amuzi pamoja na plagi ya umeme.