Je, Wajua Kwa Nini George W. Johnson Alicheka Kicheko Kilekile Kutwa Nzima?

George W. Johnson, mtu Mweusi aliyezaliwa Virginia enzi za utumwa, alikuwa akipiga mbinja na kuimba mitaani New York ili apate riziki, hadi kampuni za fonografu, mashine za zamani za kunasa na kucheza sauti, zilipomwita mwaka 1890. Nyimbo zake mbili, mmoja wa mbinja na mwingine wa kicheko, zilimfanya kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuvuma kwa rekodi.

Wakati huo silinda za nta, ambamo sauti ilichorwa, hazikuweza kutolewa nakala kwa wingi. Johnson alisimama mbele ya mashine tatu au nne, akaimba kwa takribani dakika mbili, kisha silinda mpya zikawekwa naye akaanza upya, akikiangusha kile kicheko palepale kwenye mapigo ya muziki kana kwamba kimemtoka sasa hivi. Kila wimbo alilipwa senti 20 hivi.

Na kwa nini nyimbo za namna hiyo? Mashine haikuwa na umeme wa kukuza sauti. Nguvu ya sauti iliyoingia kwenye pembe ya mashine, yaani mdomo wake wa kunasia sauti, ndiyo pekee iliyosukuma sindano ichore nta. Besi na fidla laini zilififia, ilhali banjo, mbinja na kicheko vilichorwa vizuri. Jukwaa la minstreli, ambako tangu miaka ya 1840 Wazungu walijipaka masizi ya vizibo vilivyochomwa ili kuwaigiza na kuwadhihaki Weusi, lilikuwa na sauti hizo zote: banjo, tari, mifupa ya kugonganisha na mizaha mifupi. Katika miaka ya 1890 Len Spencer, mwimbaji Mzungu wa rekodi, alilibana onyesho zima, pamoja na utani na makofi, ndani ya silinda, na Johnson alikuwa miongoni mwa washiriki.

Masizi, hata hivyo, hayasikiki. Dhihaka ililazimika kubebwa na lafudhi na maneno ya matusi, na Johnson, asiyehitaji kupakwa chochote, ndiye aliyeimba wimbo wa mbinja uliotungwa na Sam Devere, Mzungu wa jukwaa hilohilo, kuwakejeli watu wa rangi yake.

Karibu mwaka 1902 silinda zilianza kufyatuliwa kwa kalibu, nakala maelfu kutoka uimbaji mmoja. Kazi ya Johnson ikapungua, na baadaye Spencer akamwajiri kuwa bawabu wa ofisi yake.