Kihisi hakisafishi tanki

Tangu sisi maafisa afya tuache karatasi na kuanza kukagua majengo kwa kishikwambi, malalamiko yanayofika mezani kwetu yamebadilika sura. Zamani mwenye nyumba alikuja kusema bwana afya kamuonea. Siku hizi anakuja na simu mkononi, anafungua dashibodi ya jengo lake, yaani ukurasa unaoonesha vipimo vya vihisi alivyofunga, na kunionesha alama za kijani: tanki kijani, hewa kijani, gesi kijani. Kisha anauliza, kwa heshima lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda kesi, "Sasa afisa, notisi ya nini?"

Swali hilo limejirudia mno msimu huu wa ukaguzi, na mvua za vuli ziko njiani, kwa hiyo nalijibu hadharani.

Ofisi yetu haina ugomvi na teknolojia. Vihisi vya maji, vya hewa na vya gesi, pamoja na kamera na picha za ndege nyuki (droni), vyote vina kazi yake. Zanzibar ilipigwa picha nzima kwa ndege nyuki kuanzia mwaka 2016, Unguja na Pemba, na mwaka 2019 ndege hizo zikajaribiwa kumwaga dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kwenye mashamba ya mpunga. Hapa Dar es Salaam, vijana wa mradi wa Ramani Huria walianza mwaka 2015 kuchora ramani za mitaa inayofurika. Na jengo lenye vihisi, kwa uzoefu wangu, mara nyingi ni jengo ambalo mwenyewe anajali. Shida ni kwamba kila kifaa hujibu swali moja tu, na aliyekinunua mara nyingi hajui ni swali gani.

Chukua tanki. Hivi karibuni tulipanda juu ya jengo moja la ghorofa sita, lina simtanki nyeusi tatu. Msimamizi alikuwa na haraka, akatuonesha kwenye simu kwamba tanki la katikati lina maji asilimia 87. Kifaa chenyewe kilikuwa kwenye mfuniko: hutuma mawimbi ya sauti, yanagonga uso wa maji na kurudi, ndipo kinakokotoa kina. Fundi aliyekifunga alitoboa tundu kubwa kuliko kifaa, akazungushia selotepu, na jua likaibandua selotepu ile. Pakabaki uwazi wa upana wa kidole. Tulipofungua na kumulika tochi, viluwiluwi vilikuwa vinaning'inia chini ya uso wa maji, vichwa chini, mamia kwa mamia, vikakimbia mwanga. Dashibodi ilikuwa inasema kweli tupu. Maji yalikuwa asilimia 87.

Hao ni watoto wa mbu aina ya Aedes, mbu anayeeneza dengi, ugonjwa uliotusumbua sana jijini mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Anauma mchana, anapenda maji masafi yaliyotulia, na hataki mtaro wenye uchafu. Hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu nimechoka kujibu hoja ya "mbu wanatoka kwa jirani". Mbu huyu kwa kawaida haruki mbali, ni mita mia chache tu. Ukiona anauma ndani ya jengo lako, anza na jengo lako: tanki, shimo la lifti lililojaa maji, trei ya kiyoyozi, gata iliyoziba kwa majani, tairi la mlinzi pale getini. Hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi, yakiguswa na maji yanaanguliwa. Ndiyo maana notisi zetu huandika "kumwaga NA kusugua kuta". Neno "na" halikuwekwa kwa bahati mbaya. Kwa joto letu, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku saba hadi kumi hivi, kwa hiyo ukaguzi wa ndani ufanyike kila wiki. Ukaguzi wa mwisho wa mwezi unamkuta mbu amekwisha kuolewa na ana wajukuu.

Kihisi cha kina kinakusaidia nini basi? Kinakusaidia kujua pampu imekufa, au maji yanapungua saa nane usiku wakati wapangaji wote wamelala, maana yake kuna bomba linavuja mahali, na mahali hapo pana dimbwi. Hiyo ni taarifa nzuri sana. Lakini ubora wa maji ni jambo jingine. Sisi tunapima mabaki ya klorini kwa kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Tunataka bombani kwa mpangaji isipungue miligramu 0.2 kwa lita, na kipindupindu kikiwa mtaani, kama ilivyokuwa kuanzia Agosti 2015, tunataka zaidi ya hapo. Vipo vihisi vinavyopima klorini vyenyewe saa zote. Vinataka kusafishwa na kulinganishwa na kipimo cha mkono mara kwa mara, la sivyo vinaanza kusema uongo taratibu. Ukituletea takwimu za kihisi cha klorini, tutaomba pia daftari la ulinganishaji. Asiye na daftari asilete takwimu.

Hoteli na hospitali zina la ziada. Mwaka 1976 huko Philadelphia, Marekani, wajumbe wa mkutano mmoja waliofikia hotelini waliugua nimonia ya ajabu. Zaidi ya watu 180 waliugua na wasiopungua 29 wakafariki. Mwaka uliofuata ndipo bakteria aliyesababisha alipotambuliwa, akaitwa Legionella. Hustawi kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 25 hadi 45 za Selsiasi, kwenye mitambo ya kupoozea hewa na mabomba ambayo maji yake hayatembei. Sasa fikiria tanki jeusi juu ya paa letu mwezi wa Januari. Kihisi cha joto kwenye bomba la maji moto na kwenye tanki ni cha bei ndogo na manufaa yake ni makubwa, mradi yupo mtu mwenye jukumu la kusoma na kuchukua hatua. Vyumba vilivyokaa bila wageni wiki nzima, fungulieni bomba maji yatiririke kabla ya mgeni kuingia.

Kwenye gesi ndipo napoteza subira kabisa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni kama maji. Kihisi chake kinafungwa chini, sentimita 30 hivi kutoka sakafuni. Tumekuta jiko la mgahawa lenye kihisi cha gesi ya mtungi kimefungwa darini kando ya taa, na tulipouliza kwa nini, jibu likawa, "Hapo kinaonekana vizuri." Kwa zile nyumba chache za Dar es Salaam zilizounganishwa gesi asilia ya bomba ni kinyume chake: gesi hiyo ni nyepesi, inapanda, na kihisi chake kinakaa juu. Na vyote viwili havitakuambia lolote kuhusu moshi wa jenereta lililowekwa chini ya ardhi. Kabonimonoksaidi haina rangi wala harufu, na inataka kifaa chake chenyewe. Mengine ya moto waulizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wao ndio wenye mamlaka hapo.

Hewa. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya chumbani. Kinachukua hewa ileile, kinaipooza, kinairudisha. Ofisi iliyofunga madirisha kwa sababu "kuna AC" imefunga kifua kikuu ndani pamoja na wafanyakazi, kama yupo mmoja mwenye nacho asiyejijua. Kihisi cha kabonidayoksaidi kinasaidia kuliona hili: hewa ya nje huwa na sehemu 420 hivi kwa milioni, na ndani ikipanda kupita 1,000 ujue mnavuta kwa kiasi kikubwa pumzi mlizokwisha kuzitoa. Hakipimi vijidudu, kinapima msongamano wa pumzi. Kisomwe chumba kikiwa kimejaa. Picha ya saa moja asubuhi kabla watu hawajafika haina maana kwetu. Wenye mabweni waangalie jambo moja zaidi: vifaa vingi vya bei nafuu hujirekebisha kwa kuchukulia kwamba kiwango cha chini kabisa cha siku kadhaa ndiyo hewa ya nje. Bweni lisilokaa tupu hata siku moja litakidanganya kifaa, nacho kitaanza kuwapa nambari za kupendeza.

Kabla hujanunua kitu cha mamilioni, jaza maji kwenye mitego ya mifereji ya sakafuni. Kile kipande cha bomba kilichopinda chini ya kichujio cha bafu kinashika maji ili hewa ya majitaka isipande. Mwaka 2003 huko Hong Kong, katika makazi ya Amoy Gardens, mitego iliyokauka ilitajwa kuwa mojawapo ya njia zilizoupitisha ugonjwa wa mapafu wa SARS kutoka nyumba hadi nyumba; waliougua walizidi 300. Ndoo moja kwa wiki kwenye bafu lisilotumika inatosha.

Kuhusu taarifa za watu. Tunapokea malalamiko kwamba kishikwambi "kinawapiga picha wapangaji". Hapana. Tunarekodi jengo: anwani ya makazi kama ilivyo kwenye kibao, mahali, saa, picha ya kasoro, na jina la aliyetupokea. Anayekosea zaidi hapa ni mwenye jengo. Msimamizi mmoja aliandika kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji kwamba familia ya chumba fulani ina kipindupindu. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo inafanya kazi. Mgonjwa ripoti kituo cha afya au kwetu, wapangaji waambie wachemshe maji. Inatosha. Sheria hiyohiyo inazigusa pia taarifa za kamera za mlangoni zinazotambua sura. Na ukitaka kurusha ndege nyuki kukagua paa, anzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa kibali. Usirushe kwanza ukauliza baadaye.

Sasa utaratibu, kwa sababu nusu ya ugomvi unaanzia hapa. Afisa anafika saa za kazi akiwa na kitambulisho. Muombe akioneshe, ni haki yako na hatuchukii. Anajaza fomu mbele yako, na unasoma kabla ya kusaini. Fomu ikishatumwa afisa hawezi kuifuta, kwa hiyo kumbembeleza ni kumpotezea muda. Ikionekana kero kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 au sheria ndogo za halmashauri, inatoka notisi inayotaja kero, kazi ya kufanya na muda wa kuifanya. Ukikataa kusaini, afisa anaandika kwamba umekataa, na notisi inabaki kuwa notisi. Ukiona muda hautoshi, omba nyongeza kwa maandishi kabla haujaisha, eleza kazi iliyofanyika mpaka sasa, ambatisha picha. Maombi yanayokuja siku mbili baada ya muda kuisha ni utetezi, si maombi, na tunayashughulikia hivyo.

Muda ukiisha tunarudi. Kero ikiwa bado ipo, ziko njia mbili. Ya kwanza ni kufifilisha kosa pale sheria ndogo inaporuhusu: unakiri kwa maandishi, unatozwa kiasi kilichowekwa na halmashauri husika, jalada linafungwa. Ya pili ni mahakamani. Malipo yote ni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, na stakabadhi inatoka kwenye mfumo. Afisa akikuambia utume kwenye namba yake ya simu, usitume, tupe taarifa. Na faini haiondoi kero. Kuna watu wanalipa, wanaweka stakabadhi kwenye fremu, tanki limebaki wazi. Huyo tunarudi kwake na notisi mpya, na kosa la kurudia halichukuliwi sawa na la kwanza.

Takwimu za vihisi vyako leta, tutaziambatisha kwenye jalada. Zenye tarehe, zinazoonesha hata siku mbaya, na maelezo ya ulichofanya siku hiyo mbaya, zinakusaidia kuliko ukurasa wa kijani mtupu. Picha ya skrini peke yake haifungi notisi.

Jambo la mwisho ni dogo lakini linatukwamisha kuliko yote. Tukipanga siku ya marudio, mwenye ufunguo wa mlango wa paa awepo. Kila jengo tunaambiwa amesafiri.