Mtumbwi uliopotea chini ya ziwa: kwa nini simuleta za kijeshi zinahitaji viwango vya pamoja

"Mwalimu, mtumbwi wangu unakwenda vizuri, ila mashine ya pili haiuoni."

Kijana aliyeniita hakuwa na kosa. Tulikuwa kwenye chumba cha mazoezi hapa Mwanza, kompyuta mbili mezani, moja ikiendesha simuleta (programu inayoigiza chombo halisi) ya boti na nyingine simuleta ya helikopta. Zoezi lenyewe lilikuwa dogo: helikopta iruke, ipite juu ya maji kuelekea Ukerewe, iukute mtumbwi uliozimikiwa injini. Waya uko sawa, pakiti za data zinapita, lakini rubani anazunguka juu ya maji matupu.

Ilituchukua karibu saa nzima kugundua. Simuleta ya boti ilitengenezwa na watu wa baharini, na kwa mtu wa baharini maji yako mita sifuri. Hilo haliandikwi popote, kama ambavyo wewe huandiki kwamba sakafu iko chini. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mtumbwi wetu ulikuwa ukikata mawimbi zaidi ya kilomita moja chini ya ziwa ambalo lenyewe kina chake hakifiki mita 100. Tukainua maji. Sasa mtumbwi ukaonekana, ila unaelea hewani, na darasa zima likacheka. GPS hupima kimo kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu, ramani hupima kutoka usawa wa bahari, na kwetu huku vipimo hivyo viwili vinapishana kwa zaidi ya mita kumi.

Viongozi wengi ninaokutana nao wanadhani kuunganisha mifumo ya uigaji ni suala la kebo na mtandao. Kebo ndiyo sehemu nyepesi.

Mifumo ya uigaji ni zile programu na mitambo inayomwezesha askari kuendesha kifaru, kurusha ndege au kupanga operesheni bila kuchoma mafuta wala kuhatarisha uhai. Shida ni kwamba kila kikosi hununua cha kwake, kwa wakati wake, kwa mtengenezaji wake. Siku ya zoezi la pamoja, mabubu wanakutana.

Aliyewahi kusimama bandari ya Mwanza Kusini ataelewa upesi dawa yake. MV Umoja hubeba mabehewa ya treni: yanasukumwa yakiwa na mzigo wake, yanaingia melini kwenye reli, yanavuka ziwa hadi Port Bell, Uganda, yanatoka yakitembea. Hakuna anayepakua gunia hata moja. Inawezekana kwa sababu reli za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zote zina upana wa mita 1. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, vidole vinne hivi, na vidole hivyo vinne ndivyo vinavyofanya mzigo uhamishwe kutoka behewa hadi behewa pale Kidatu, reli hizo zinapokutana. Waliochagua vipimo hivyo hawakuwa wajinga. Hawakukaa meza moja, basi.

Kwenye uigaji, meza hiyo ilianza kuwekwa Marekani miaka ya 1980, kwa mradi wa SIMNET wa wakala wa utafiti DARPA. Askari walikaa ndani ya vibanda vya kuigiza vifaru, kambi mbalimbali, wakaonana kwenye uwanja mmoja wa vita wa kompyuta. Kutoka hapo kikazaliwa kiwango cha DIS, yaani kanuni za ujumbe ambao simuleta hutumiana, kilichosajiliwa na IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi, kama IEEE 1278 mwaka 1993. Leo viwango vya fani hii vinasimamiwa na SISO, shirika la viwango vya uigaji, pamoja na IEEE.

DIS ina ujanja mmoja ninaoupenda. Simuleta haitangazi mahali ilipo kila sekunde, maana mtandao ungejaa. Inafanya kama mtu anayesafiri kwa meli kutoka Bukoba usiku: nyumbani wanajua imeng'oa nanga saa ngapi na mwendo wake, wanakadiria wenyewe imefika wapi. Atapiga simu mambo yakibadilika tu. Simuleta nayo hutuma ujumbe pale inapopishana na makadirio ya wenzake kupita kiasi kilichokubaliwa, na kama hakuna jipya, hutuma salamu ya "bado nipo" kila baada ya sekunde 5 hivi.

Kuhusu mahali, kiwango hicho kiko wazi kabisa: namba tatu, kwa mita, kuanzia kitovu cha dunia. Basi mtumbwi wetu ulipoteaje? Kiwango hakikukosea. Aliyekosea ni mkalimani, ile programu ndogo inayogeuza vipimo vya ndani vya boti kuwa vya DIS. Alipewa sifuri, akaitafsiri sifuri kwa uaminifu.

Na wala usidhani ni ugonjwa wa wageni. Waganda husoma kimo cha ziwa kwenye kipimo cha Jinja, na Mei 2020 kilifikia mita 13.42. Ramani inasema maji yaleyale yako juu ya mita 1,130. Namba zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina sifuri yake. Zipeleke kwenye kompyuta mbili bila maelezo uone kitakachotokea.

HLA, kiwango kingine cha kuunganisha simuleta, ilikuja baadaye. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliiandaa katikati ya miaka ya 1990, ikawa IEEE 1516 mwaka 2000, ikafanyiwa marekebisho 2010 na tena 2025. NATO nayo imeipokea kwa mkataba wake wa viwango, STANAG 4603. Humo, zoezi zima ni shirikisho na kila simuleta ni mwanachama. Katikati inakaa programu inayofanya kazi ya dalali wa soko la samaki la mwaloni Kirumba: mmoja anatangaza ana nini, mwingine anasema anatafuta nini, dalali anawakutanisha. Simuleta ya helikopta ikisema inataka habari za vyombo vya majini tu, haitasumbuliwa na habari za malori ya Nyegezi.

Ila HLA inakupa sarufi, haikupi maneno. Maneno yanakaa kwenye kamusi ya shirikisho, ambayo wanachama huiandika na kuikubali kabla ya zoezi. Pale pale mwaloni, kisado cha dagaa kilichoshindiliwa na kilichojazwa juujuu vyote vinaitwa kisado, na ugomvi unaanzia hapo. Kwa bahati nzuri ipo kamusi ya msingi iitwayo RPR FOM, iliyorithi msamiati wa DIS, hivyo hakuna sababu ya kuanza na ukurasa mtupu.

Kuna mtego pia. Kwa muda mrefu HLA ilisanifisha namna ya kuzungumza na dalali, lakini si namna dalali anavyosafirisha ujumbe. Matokeo yake, madalali wa watengenezaji wawili hawaelewani, na shirikisho zima hulazimika kutumia mmoja. Toleo la 2025 limeweka itifaki ya mawasiliano kati ya mwanachama na dalali, jambo lililosubiriwa mno.

Faida ya kazi hii yote ni kutumia tena kilichokwisha kujengwa. Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliofika kwanza walikuwa wavuvi. Zoezi lolote la uokoaji katika ziwa hili lisilo na mitumbwi ya wavuvi ni la kujidanganya, na simuleta iliyotengenezewa jeshi la majini la mbali mara nyingi haina mchoro wa mtumbwi wa mbao wenye injini ya nyuma. Mtu akiujenga vizuri mara moja, akaandika uzito wake, mwendo wake, na hasa mambo aliyoyachukulia kuwa kweli bila kuyasema, unaweza kutumiwa na jeshi, polisi wanamaji na wakufunzi wa mabaharia. Asipoandika, anayekuja baada yake atajenga upya, kwa fedha za umma.

Majeshi ya Afrika Mashariki tayari hukutana kwenye mazoezi ya Ushirikiano Imara, na mwaka 2022 yalifanyika Jinja, ufukweni mwa ziwa hili hili. Mimi ningetamani kuona kamati ndogo ya pamoja inayotunza kamusi moja ya ziwa: vyombo vyake, visiwa vyake, kimo cha maji yake.

Kwa anayeandaa zabuni sasa hivi, sentensi ya "mfumo uzingatie HLA" haitoshi. Taja toleo, taja kamusi, dai nyaraka za kila kitu ambacho mfumo unatuma na kupokea, na mwambie muuzaji auunganishe na mfumo wa mtengenezaji mwingine mbele yako kabla hujasaini malipo. Akimaliza kukuonyesha picha zake nzuri, muulize maji ameyaweka mita ngapi, na kuanzia wapi.