Taa ikikupofusha, mwizi utamwonaje?

Juzi barazani Manyatta, hapa Kisumu, mzee mmoja alisimama akaniambia mbele za watu, "Fundi, mkipunguza mwanga wa taa hizi mmetuuza kwa wezi." Maneno hayo nimeyasikia Kondele, Obunga na Nyalenda. Mzee wangu, leo nakujibu kwa maandishi.

Kupunguza kuna namna nyingi: kuzima kabisa, kuzima usiku wa manane, kufifisha. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo kutoka halmashauri 62 za England na Wales zilizojaribu namna hizo, na haukuonekana ushahidi kwamba uhalifu au ajali ziliongezeka.

Kinachonichosha ni imani kwamba wati nyingi ndiyo usalama. Twende chini ya mulika mwizi. Mlingoti mita 30, taa zimezunguka kileleni, na hapo chini unasoma gazeti. Sasa ingia nyuma ya ukuta wa mabati, hatua kumi tu. Giza totoro! Jicho lililotoka kwenye mwako huchukua hata nusu saa kuzoea giza barabara. Mwizi aliyejibanza kichochoroni tangu saa mbili keshazoea. Anakuona, humwoni. Mama mmoja anayeuza omena pale aliniambia, "Pesa naihesabu vizuri, lakini mtu akitokea kule simtambui mpaka anifikie." Nikaomba stuli yake, nikakaa, nikatazama. Kila aliyekuja akiupa mlingoti mgongo, uso wake ulikuwa mweusi tii: kivuli chenye miguu. Zabuni huuliza laksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) za wastani; mimi nataka kujua laksi ndogo kabisa iko wapi. Nguzo fupi za LED, wati chache, zikipangwa kwa nafasi sawa na kuinamishwa chini, zingemfaa mama huyu zaidi.

Taa za manjano za sodiamu au nyeupe? Nyeupe huonyesha rangi za nguo. Basi.

Lakini utafiti wa England siufanyi ngao. Huku watu hutoka zamu saa tisa usiku kwa miguu. Na New York, mwaka 2016, taa za muda kwenye nyumba za umma zilipunguza uhalifu mkubwa wa nje usiku kwa takriban asilimia 36. Hofu nayo ina uzito wake: mama wa omena akifunga saa moja jioni, macho yake yameondoka barabarani. Kwa hiyo nikiulizwa kama Nyalenda itabaki salama tukififisha baada ya saa sita, siapi. Nikiulizwa nianze kazi wapi, naanzia nyuma ya yale mabati.