Je, wajua kwa nini hodhi la kuogea hucheza hata likishapigwa silikoni?

Kwa sababu silikoni haikuwekwa pale kushika hodhi. Kazi yake ni kuzuia maji yasipenye kati ya ukingo na vigae, basi. Lakini hodhi likianza kucheza, wengi hukimbilia tyubu nyingine, na baada ya muda ufa unarudi palepale.

Hesabu yake ni rahisi. Silikoni nyingi za bafuni huvumilia mwendo wa takriban asilimia 20 hadi 25 ya upana wa ufa, kwa hiyo ufa wa milimita 4 una ruhusa ya milimita 1 tu. Hodhi la akriliki la sentimita 170 kwa 70 watu wawili hulibeba bila taabu, ila likijazwa huchukua kama lita 150 hadi 200, na kila lita ni kilo moja. Hapo muogaji bado hajaingia. Ukingo ukishuka milimita 2, silikoni inabanduka kwenye kigae, maji yanateremkia nyuma, na kwenye ghorofa anayegundua wa kwanza ni jirani wa chini. Ndiyo maana mafundi wazoefu hulijaza hodhi maji kwanza, wakapiga silikoni likiwa limeshuka, na kulimwaga silikoni ikishakauka, kwa kawaida kesho yake.

Kucheza kwenyewe kuko kwa namna mbili. Bonyeza kona moja: kona ya mshazari ikiinuka, shida iko miguuni. Ukingo ukitulia lakini chini kukabonyea na kulia “krr” kisigino kinapokanyaga, hodhi halina egemeo katikati.

Tuanze na miguu. Chungu juu ya mafiga matatu hakiyumbi hata mawe yasipolingana, kitainama tu. Ongeza figa la nne, na sasa vichwa vyote lazima viwe usawa mmoja. Moja likipungua kidogo tu, chungu kinakaa juu ya matatu, na ukikoroga kinahamia matatu mengine. Ukilipandisha mno hilo fupi, linamnyanyua mwenzake na mchezo unaanza upya. Kwa hiyo weka pima maji juu ya ukingo, kwa urefu na kwa upana (si ndani, kwa kuwa mteremko wa kwenda kwenye tundu la maji umeshatengenezwa kiwandani), sawazisha kwa miguu mitatu, kisha shusha wa nne mpaka uguse sakafu, usizidishe. Kukiwa na mguu wa tano katikati, huo hushushwa mwisho. Kaza nati za kufungia kwa spana. Nati iliyolegea hujizungusha yenyewe polepole. Skrubu za kufungia miguu kwenye ubao wa chini ziwe zile zilizokuja na hodhi, maana ndefu zaidi hutokeza ndani.

Upande wa ukuta, funga papi ya mbao chini ya ukingo kwa plagi na skrubu, ukingo uilalie bila kuinuliwa nayo.

Kwa kubonyea, dawa ni egemeo la mchanga na saruji, 4 kwa 1, kavukavu kiasi cha kufinyangika kiganjani bila kuchuruza. Miguu ikishapimwa, ondoa hodhi, panga mafungu yaliyozidi nafasi iliyopo kwa sentimita 2 hivi, funika kwa nailoni, rudisha hodhi na ulikandamize mpaka miguu yote ikae. Acha wazi sehemu ya bomba la maji machafu, na usikanyage kwa saa 24. Soma kwanza maelekezo ya kiwanda, kwa kuwa vingine hukataza saruji na dhamana hupotea. Jasi usitumie: ikilowa hulainika.

Povu la kupuliza nalo hutumika, lakini lina kisa chake: likivimba lina nguvu ya kuliinua hodhi tupu kutoka kwenye miguu yake, kwa hiyo jaza maji kabla ya kupuliza, si baada.