Presha si wingi wa damu

Mama mmoja wa makamo aliketi mbele yangu kliniki, shinikizo lake likisoma 178/104, akanieleza kwa utulivu kwamba dawa alikwisha kuziacha, kwa kuwa alipimwa damu kwingine akaambiwa ana 9. "Daktari, damu yenyewe imepungua, hiyo presha ya kupanda itatoka wapi?" Swali hilo nimelijibu mara nyingi mno, na nakiri kwamba siku hizi sauti yangu hupanda kabla ya presha ya mgonjwa.

Dhana: Presha ya kupanda ni damu kuzidi, na ya kushuka ni damu kupungua.

Hivyo ni vipimo viwili visivyohusiana kama watu wanavyodhani. Ile 9 ni gramu za hemoglobini katika kila desilita ya damu, na inaeleza uwezo wa damu kubeba oksijeni. Ile 178/104 ni nguvu ambayo damu inazisukuma nayo kuta za ateri, kwa milimita za zebaki: namba ya juu moyo unapojikaza, ya chini unapolegea. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, na akiwa amepumzika moyo wake husukuma karibu lita 5 kila dakika, yaani mililita 70 hivi kwa pigo moja. Shinikizo hutokana na kiasi hicho kinachosukumwa pamoja na ukinzani wa mishipa midogo inayokipokea, na kwa wagonjwa wangu wengi tatizo liko kwenye ukinzani huo.

Anayemwagilia bustani analijua jambo hili kwa mkono wake: akibana mdomo wa mpira kwa kidole gumba, mpira unakakamaa, ilhali maji ya tangini hayajaongezeka hata ndoo moja. Jean Poiseuille, daktari Mfaransa aliyetumia zebaki kupima shinikizo la damu katika ateri za wanyama mwaka 1828, baadaye alipitisha vimiminika katika mirija myembamba ya kioo akaona jinsi upana unavyotawala mtiririko: mrija ukipungua upana kuwa nusu, kwa msukumo uleule, kinachopita ni sehemu 1 tu kati ya 16. Ndiyo maana mishipa midogo ikijibana kidogo tu, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi ili damu ifike.

Asiyeridhika na mpira wa bustani na amtazame mjamzito. Damu yake huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, lakini hadi katikati ya ujauzito shinikizo lake kwa kawaida hushuka, kwa sababu mishipa imelegea na kutanuka. Na hemoglobini nayo husoma chini, kwa kuwa majimaji ya damu yameongezeka kuliko chembe nyekundu. Kama presha ingekuwa wingi wa damu, kila mjamzito angekuwa mgonjwa wa presha.

Dhana hii ina madhara jikoni pia. Wagonjwa wangu huogopa juisi ya choya na bitiruti eti "zinaongeza damu", kisha wanajinyunyizia chumvi mezani bila wasiwasi wowote, na chumvi ndiyo inayozuia maji mwilini na kupandisha shinikizo. Majaribio kadhaa yameonyesha kwamba choya na bitiruti hushusha shinikizo kidogo. Si mbadala wa dawa, lakini si adui. Kubwa zaidi ni figo: zikichoka, hushindwa kutoa homoni inayochochea utengenezaji wa chembe nyekundu, na wakati huohuo hupandisha shinikizo, hivyo mtu huwa na upungufu wa damu na presha ya kupanda kwa pamoja. Kwa yule mama, 9 yake ilikuwa sababu ya kupima figo haraka, wala haikuwa ruhusa ya kuacha dawa.

Dhana: Ikipanda nitahisi. Wengi hawahisi chochote, hata kwa miaka. Sina la kuongeza.

Dhana: Kipimo cha kidoleni kinaonyesha damu inazunguka vizuri. Asilimia 98 inaeleza ni sehemu gani ya hemoglobini imebeba oksijeni. Haisemi hemoglobini yenyewe ni kiasi gani, wala ni lita ngapi zinazopita. Mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kusoma 98 vilevile.

Dhana: Mashine ikitoa namba tofauti, ni mbovu. Mara nyingi mbovu ni upimaji. Nenda haja ndogo kwanza, kaa dakika 5 umeegemea kiti, miguu iguse sakafu bila kukunjwa nne, na mkanda uvishwe mkono mtupu. Sitaki kuona mkanda juu ya sweta wala juu ya mtandio. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya usawa wa moyo huongeza takriban 8. Nyamaza wakati wa kupimwa, hata anayepima akikuuliza habari za nyumbani. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili: mkono uliosoma juu zaidi ndio utakaoutumia siku zote, na tofauti ya namba ya juu ikizidi 10 kila unapopima, mwambie daktari wako, maana huenda ateri ya upande mmoja imejibana.