Je, wajua? Waifai inaweza kujaa na intaneti isiwepo

Mtu wa Mwanjelwa, Mbeya, akisema "waifai imekata", mara nyingi waifai iko palepale. Kilichokata ni intaneti, na jina lenyewe halikuwahi kuahidi intaneti.

Wengi hufundishana kwamba Wi-Fi ni kifupi cha "Wireless Fidelity". Sivyo. Mwaka 1999 kampuni kadhaa za teknolojia ziliunda umoja ulioitwa WECA, ili kifaa cha kampuni moja kiweze kuwasiliana kwa redio na cha kampuni nyingine. Kiwango walichokitumia kiliitwa IEEE 802.11b, jina lisilouzika dukani, wakaipa kampuni ya Interbrand kazi ya kutafuta jingine. Ikapatikana Wi-Fi, yenye mwangwi wa hi-fi ya redio za muziki. Phil Belanger, mmoja wa waasisi wa umoja huo, ameeleza wazi kwamba si kifupi cha chochote. Ila dhana hiyo ina chanzo: kwa muda mfupi umoja wenyewe ulitumia kaulimbiu yenye maneno "Wireless Fidelity", yaliyotungwa jina likiwa tayari lipo. Baadaye ukajiita Wi-Fi Alliance.

Kazi ya waifai ni kipande kifupi tu, kati ya simu yako na ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Ifikirie kama bajaji inayokutoa nyumbani hadi stendi ya mabasi. Kwenda Dar es Salaam unahitaji basi. Lori likiziba barabara njiani kwenye mlima Kitonga, bajaji itakufikisha stendi vizuri kabisa na safari itaishia hapo. Hilo basi ndiyo intaneti: nyaya za mkongo au mnara wa simu, mambo yasiyoihusu waifai hata kidogo.

Ndiyo maana rafiki akikuwashia hotspoti kisha bando lake likaisha, alama ya waifai kwenye simu yako hubaki imejaa. Inapima nguvu ya redio inayotoka kwenye simu yake, basi.

Kwa hiyo alama ikipungua ukiingia chumba cha ndani, shuku ukuta wa tofali za kuchoma, hasa kama ruta inatumia masafa ya redio ya gigahezi 5, ambayo hupenya kuta kwa shida kuliko 2.4. Alama ikiwa imejaa na kurasa hazifunguki, usihangaike kuhamisha kiti; angalia bando kwanza, kisha mpigie anayekuuzia intaneti.